Ghorofa Nane za Meneja

11 Januari

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila shemeji yako aliungua mkono kwenye tanuri la mikate wiki iliyopita na sasa anajifanya hawezi kuosha vyombo. Barua yako ya mwezi uliopita ilifika, ahsante. Mpwa wako Meneja aliidaka mlangoni kabla sijavua viatu, akahesabu stempu, akanijulisha kwamba bahasha umeifunga vibaya upande wa kushoto. Magoti ya wifi yanaendeleaje? Mwambie dawa yake ya kupaka imenifaa sana. Hospitali wameongeza wodi mbili, kwa hiyo sisi wa chumba cha kufulia siku nzima ni kukunja mashuka mpaka mgongo unalia.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Shuleni wamebadilisha madarasa, na darasa la Meneja limepakana na ofisi. Ofisini kuna ile simu ya mezani. Unamjua mwanangu na simu. Usonji wake tumeuzoea, ndivyo alivyo, na mengi tunayapanga yakapangika. Hii hofu ndiyo imetushinda. Siku ya pili tu ya muhula simu iliita, akatoka mbio, akapita lango, akafika barabarani. Mwalimu alimkamata kwenye ukingo wa lami. Kiatu kimoja kilibaki darasani.

Mkuu wa shule si mtu mbaya. Alinikalisha akaniambia hana darasa jingine, na kila akifumba macho anaiona ile barabara. Amenipa hadi mwisho wa muhula huu. Meneja akiweza kukaa darasani simu ikiita, anabaki. Asipoweza, atakaa nyumbani mpaka tupate shule nyingine, na hizo nyingine tulishazizunguka zote, unakumbuka majibu yao. Ana miaka tisa, Kaka. Anapenda kwenda shule.

Kliniki kuna mafunzo ya Jumamosi tisa kwa wazazi wa watoto wenye usonji wenye hofu kubwa. Tumejiandikisha. Mtoto haendi, tunakwenda sisi. Huenda huko mbele nikakuomba jambo linalohusu simu. Leo sitalitaja.

Mdogo wako


25 Januari

Mdogo wangu,

Nimekusoma nikiwa juu kwenye chumba cha mashine, lifti imesimamishwa, abiria wananung'unika huko chini, nami nimekaa juu ya ndoo nacheka peke yangu. Yaani mtoto ndiye mwenye hofu, na wanaopelekwa darasani ni wewe na shemeji! Nimetengeneza lifti miaka ishirini na sita. Ikikwama, sijawahi kumpeleka mwenye jengo kwenye mafunzo, ingawa wapo wanaostahili.

Wifi yako hajambo, magoti yanamsumbua asubuhi tu, mchana anatembea kuliko mimi. Anakusalimu na anauliza kama Meneja bado anakula mkate bila ganda.

Habari ya barabarani imenitoa jasho. Lakini ukiniuliza, nitasema mwacheni mtoto. Kama simu inamtisha, akae mbali na simu. Mbona mimi na wewe tumeandikiana miaka minne na hakuna aliyepungukiwa? Barua haipigi kelele. Inafika, inakaa mezani, unaifungua ukiwa tayari.

Na hilo ombi lako, kama ni la kunitaka nipige, tafadhali usiniombe. Niombe kitu kingine chochote.

Huku mvua zimeanza, mashimo ya lifti yanajaa maji, kazi ipo tele.

Kaka yako


22 Februari

Kaka,

Tunakushukuru kwa barua. Meneja anasema ndiyo, bila ganda, na anashangaa kwa nini wifi anauliza jambo lisilobadilika. Mkono wa shemeji yako umepona. Vyombo bado naosha mimi.

Ulichosema kuhusu kumwacha nimekisikia, nikakiweka kando kwa heshima zote. Sasa sikiliza mambo ya darasani kwetu. Tuko wazazi kumi na mmoja kwenye chumba kidogo chenye viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wetu ni mama mtaratibu ambaye naye amelea kijana mwenye usonji. Wiki ya pili alitupa kazi: tuandike kila tunachofanya nyumbani ili hofu ya mtoto isiamke. Mimi na shemeji yako tulifikisha mambo ishirini na matatu. Simu yangu huzimwa nikifika mlangoni. Yake huiweka ndani ya kopo la unga, na siku moja nusura aioke. Tuligombana na dada wa jirani kwa sababu mlio wa simu yake hupenya ukutani. Tulizima kengele ya jikoni. Tunakuandikia barua. Hata hiyo iko kwenye orodha, namba kumi na nne.

Nilipomaliza kuisoma mbele ya watu niliikunja karatasi nikaikalia. Mwalimu akaniambia, "Mama, hayo yote mmeyafanya kwa mapenzi. Hapa hakuna wa kuona aibu. Ila kila mnapoificha simu, mtoto anaona kwamba kweli ni kitu cha kufichwa."

Akatufundisha pia kutofautisha. Zipo sauti zinazomuumiza Meneja masikio kwelikweli, na hizo tunampa vifunika masikio vyake bila kumlazimisha lolote. Halafu ipo hofu inayokuja kabla ya sauti, hata kama simu imezimwa na imelala tu. Hiyo ya pili ndiyo inayoshughulikiwa, kidogo kidogo, na sisi wazazi, nyumbani, kwa hatua anazozikubali mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nazichanganya.

Hatua hizo tuliambiwa tuzichore kama ngazi. Nikamchorea nzuri tu, na rangi nikatia. Meneja akaitazama, akauliza, "Hii imeegemea nini?" Akasema, "Itaanguka," akageuza karatasi, akachora jengo la ghorofa nane lenye lifti. Chini kabisa ni leo. Ghorofa ya kwanza ni picha ya simu ukutani. Ya nane ni yeye kushika simu inayoita na kusema. Pembeni ameandika: Fundi ni Mjomba.

Ghorofa ya saba umo wewe, Kaka. Ameandika kwa mkono wake: Mjomba anapiga, inaita mara tatu, anakata. Najua ulichoniambia. Nilijaribu kumshawishi aweke baba yake. Akanijibu kwamba jengo haliwezi kuwa na mafundi wawili.

Siombi mimi. Anayeomba ni yeye.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Hii ni karatasi ya nne, tatu za kwanza nimezichana na wifi yako ananitazama kwa jicho la pembeni.

Mwambie Meneja jengo lake ni zuri ila halina chumba cha mashine. Achore juu ya ghorofa ya nane, na mlango wake ufunguke kwa nje. Mwambie pia lifti haikosei inaposhuka. Imetengenezwa ipande na ishuke.

Kwenye kifurushi hiki nimeweka vitufe vya lifti, vya kweli, vya shaba, vya jengo moja la zamani tulilong'oa mitambo yake. Kimoja kimoja nimekifunga kwenye karatasi yake. Kila ghorofa atakayoifikia mpe kitufe chake, akibandike kwenye jengo. Viko saba tu, kwa sababu jengo lile liliishia ghorofa ya saba. Namba nane naitafuta.

Nimeyafikiria maneno ya mwalimu wenu. Watu wengi breki ya lifti ikishika ovyo wanasema ni mbovu, itoeni. Hatuitoi kamwe. Inaokoa watu. Tunairekebisha ishike panapostahili. Nadhani na yeye anasema hivyohivyo, kwa hiyo namvulia kofia.

Nitapiga. Niambie siku na saa.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka yangu wa pekee,

Sijui nikushukuru vipi. Vile vitufe! Meneja alivinusa kimoja kimoja, akavipanga, akavipangusa kwa shati la baba yake. Wifi asalimiwe sana, na ahsante kwa soksi alizoziingiza kwenye kifurushi akidhani sitaziona.

Tuko ghorofa ya tano. Ya pili ilikuwa simu isiyo na betri mezani, akaifunika kwa kikombe siku sita, siku ya saba akakifunua mwenyewe akanywea maziwa. Ya nne ilikuwa mlio uliorekodiwa, sauti ya chini, kidole chake kikiwa kwenye kitufe cha kuuzima. Hapo tulishuka hadi ya tatu wiki nzima. Nililia chooni, lakini mbele yake nilisema, kama ulivyoagiza, kwamba lifti haikosei inaposhuka. Akanisahihisha: "Mama, hiyo ni kauli ya Mjomba, sema Mjomba amesema."

Sasa simu yangu inakaa sebuleni kutwa nzima, imewashwa, mlio uko chini. Kopo la unga limerudia kazi yake. Baba yake ndiye wa ghorofa ya sita, anapiga kutoka chumbani baada ya kutangaza. Wiki mbili zitatosha.

Wewe ni Jumamosi tarehe 26 Aprili, saa nne kamili asubuhi. Mara tatu, kisha ukate. Ameshaizungushia duara kwenye kalenda.

Mafunzo yamekwisha, lakini mwalimu amesema tukikwama tumtafute.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Jumamosi nilipiga saa nne kamili, simu yako imezimwa. Saa nne na nusu pia. Labda ni betri. Nijulishe.

Kaka yako


14 Mei

Mdogo wangu,

Hujajibu, na wewe si mtu wa kutojibu.

Kuna jambo sikulisema. Ijumaa, siku moja kabla, nilipiga. Kwetu hatukabidhi lifti bila kuijaribu ikiwa tupu. Nikasema nijaribu laini, wewe uko kazini, shemeji kwenye mikate, mtoto shuleni, nyumba tupu. Niliiacha iite mara kumi na mbili ili niwe na hakika.

Niambie nyumba ilikuwa tupu.

Kaka yako


31 Mei

Kaka,

Sisi wazima. Wifi alinitumia salamu kupitia kwa dada wa jirani, nimezipata.

Nyumba haikuwa tupu. Shuleni maji yalikatika, watoto wakarudishwa mapema. Meneja alikuwa sebuleni anapanga vitufe, baba yake aliyekwenda kumchukua amesinzia kwenye kiti. Simu ikaita siku isiyo yake. Aliingia kabatini akafunga mlango kwa ndani kwa mkanda wangu. Nilitoka kazini nikamkuta humo bado. Saa tatu nzima. Nilikaa sakafuni nikimpitishia maji kwenye mwanya.

Nilikukasirikia, Kaka, nisikufiche. Barua ya kwanza niliyokuandikia ningeipeleka ungeikumbuka hadi uzeeni. Nikaichana. Ya pili nayo nikaichana. Halafu ikaja hii yako ya tarehe 14, nikacheka na kulia kwa pamoja. Kujaribu laini! Nani mwingine duniani angefanya hivyo? Mtu wa kawaida angechelewa kupiga, au angesahau. Wewe umetukosea kwa kuwa mwangalifu kupita kiasi.

Lakini jengo liko chini ya godoro, amelikunja mara nne. Mwalimu wetu alikuja nyumbani, akaniambia jengo halijabomoka, lifti imeshuka tu, na akanionya nisimbembeleze wala nisimsukume. Muhula unakwisha tarehe 27 Juni. Mkuu wa shule ameniuliza mara moja, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Jana Meneja alinipa karatasi hii nikupelekee. Nimeinakili kama ilivyo:

"Nani alipiga Ijumaa. Kwa nini alipiga Ijumaa na mpango ulikuwa Jumamosi. Je, atapiga tena bila kusema."

Mjibu yeye, si mimi.

Mdogo wako


7 Juni

Kwa Meneja wa jengo la ghorofa nane.

Taarifa ya hitilafu. Aliyepiga Ijumaa tarehe 25 Aprili ni fundi, yaani mimi Mjomba. Alipiga kwa sababu alitaka kujaribu laini ikiwa tupu, kama anavyojaribu lifti. Kosa ni la fundi. Hakumwarifu meneja wa jengo, na kila fundi anapaswa kumwarifu meneja. Jengo halina tatizo. Breki ilishika kwa sababu breki ni nzima. Fundi hatapiga tena bila kusema. Pamoja na taarifa hii kuna kibao kimoja cha kazini kwetu. Meneja ndiye atakayeamua siku ya kukitundika na siku ya kukitoa.

Mimi, Fundi.

Mdogo wangu, yaliyobaki ni yako.

Nilikuomba usiniombe kupiga simu, nawe hukuuliza kwa nini. Ulijua. Siku Baba alipofariki nilipiga mara kumi na tisa. Wewe ulikuwa nje unaanika nguo, simu iko mezani, mtoto yuko chini ya meza. Msibani uliniambia iliita mpaka mtoto akatapika. Ulisema mara moja tu, hukurudia, lakini mimi nimekuwa nikiisikia sentensi ile kila siku. Ningeweza kupiga mara moja nikangoja. Nilikuwa nimekaa kitandani pa Baba, mkono wake haujapoa, na sikuweza kubaki peke yangu na habari ile. Ndiyo maana nikapiga, nikapiga, nikapiga.

Kwa hiyo nimemharibu mtoto wako mara mbili, na mara zote kwa kidole hiki kimoja. Ulipoomba tuwe tunaandikiana barua nilimshukuru Mungu, nikajiambia hapa sitamuumiza mtu.

Nisamehe kama unaweza.

Kaka yako


6 Julai

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu,

Kaa kwenye ndoo yako uisome hii taratibu. Sisi wazima, wazima sana. Shemeji yako ameosha vyombo, tarehe nimeiandika.

Kwanza kibao. LIFTI INAFANYIWA MATENGENEZO, TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Meneja alikisoma kwa sauti labda mara thelathini. Akatoa jengo chini ya godoro, akalinyoosha kwa kijiko, akalirudisha ukutani, akatundika kibao mbele yake. Kikakaa siku kumi na moja. Sikusema kitu. Kaka, hujui ilivyo kazi kutosema kitu! Nilikuwa napita pale na kikapu cha nguo nikitazama dari. Siku ya kumi na mbili nikakuta kibao kiko kwenye droo, na mtoto ananiuliza kama betri ya simu imejaa. Tulianza na ghorofa ya nne. Baada ya siku chache tukawa ya sita.

Pili, shule. Jumatano ya wiki ya mwisho, katikati ya mtihani wa hesabu, simu ya ofisini ikaita. Mwalimu anasema Meneja alifumba macho, akakalia mikono yake, midomo inahesabu. Simu iliita mara saba. Ilipokatika akafungua macho, akasema kwa sauti mbele ya darasa zima, "Saba," akaendelea na mtihani. Watoto walicheka naye akacheka. Mkuu wa shule alinipigia kazini kunieleza, na tukio zima alinisimulia mara mbili kama mtoto ni wake. Anabaki, Kaka. Mwanangu anabaki shuleni.

Sasa hili letu. Hukumharibu mtoto. Umesahau kwamba kengele ya mlangoni ilikuwa ikimliza kabla hajajua kutembea? Ni wewe uliyeing'oa kwa bisibisi siku ulipokuja kumwona, ukaacha waya unaning'inia mpaka leo. Masikio hayo alizaliwa nayo. Siku ile ilimwongezea, sikatai, lakini hakuvunjika wakati ule na hakuvunjika Aprili.

Na ipo siri ambayo nami nilikuficha. Katika ile orodha ya mambo ishirini na matatu, sikukuandikia la kwanza. Namba moja iliandikwa na shemeji yako, kwa mwandiko wake mbaya: Mama hushtuka. Nilibisha. Akasema, "Simu ikiita mtoto haiangalii simu. Anakuangalia wewe usoni." Ni kweli. Tangu siku ya Baba, ikiita tu mikono yangu inakufa ganzi. Nilipokuomba barua nilimsingizia mtoto. Aliyekuwa hawezi ni mimi.

Kwa hiyo nilikuwa na jengo langu pia, fupi, la ghorofa nne. Mwenzangu ninayekunja naye mashuka alikuwa akinipigia, siku nilizokwenda na simu kazini, tukiwa tumeshika shuka moja, yeye ncha zile, mimi ncha hizi, nami sikuruhusiwa kuliachia. Niliangusha mengi. Siku hizi siangushi.

Unaniomba msamaha kwa simu kumi na tisa. Mimi nakushukuru kwa hizo kumi na tisa. Habari ya Baba ningeweza kuipata kwa mtu baki, kwa ujumbe wa maneno manne. Hukukubali. Uling'ang'ana mpaka nikaisikia kwa sauti ya kaka yangu. Ahsante. Nilipaswa kukuambia palepale msibani, badala ya ile sentensi nyingine. Na ahsante kwa barua za miaka minne, zimenilea.

Mwisho, maagizo kutoka juu. Ya saba anakuomba uipige Jumapili tarehe 20, saa nne kamili, mara tatu. Bila majaribio! Ya nane ameibadilisha. Amesema hatangoja kupigiwa, atapiga yeye. Siku hataji. Nimemwambia si haki fundi asijue, akasema, "Ni wiki hiyo hiyo. Akae tu, atazoea."

Mdogo wako anayekupenda


2 Agosti

Mdogo wangu,

Wifi yako anakusalimu na amesoma barua yako yote bila ruhusa, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Sisi wazima.

Jumapili ile ya tarehe 20 nilipiga, ikaita mara tatu, nikakata, kama mlivyoona. Halafu ikaanza wiki ya kungoja.

Nikuambie kitu ambacho hata mke wangu hakukijua. Simu yangu ilikuwa haijawahi kuita kwa sauti tangu Baba afariki. Niliuzima mlio siku ya mazishi, nikawaambia wenzangu kwamba kwenye shimo la lifti kelele ni hatari. Wateja hulalamika kila siku sipatikani. Jumatatu asubuhi niliurudisha mlio, nikauweka juu kabisa, na siku nne nzima kila ilipoita, mara mteja, mara duka la vipuri, roho iliniruka. Sasa najua hali ya huyo mtoto akiwa kwenye dawati lake. Sikujua, mdogo wangu. Nilidhani najua.

Ijumaa saa nane mchana nilikuwa juu ya kibanda cha lifti, mikono imejaa grisi, kijana wa zamu amesimama mlangoni. Ikaita. Nikaona namba yako. Nilipangusa mkono kwenye suruali mpya ya kazi, nikapokea, nikasema haloo. Nikasikia mtu anapumua karibu sana na simu. Nami nikanyamaza, maana wewe umenifundisha kazi ya kutosema kitu.

Umeniandikia ile karatasi fupi kwamba alifunga mlango wa chumba akakuacha koridoni, hukusikia neno hata moja, na hutaki kumuuliza. Basi haya ndiyo aliyosema, sijaongeza wala sijapunguza. Alisema, "Mjomba, ni mimi. Hakuna aliyekufa. Uko ghorofa ya ngapi?"

Nikamwambia niko kati ya ya tano na ya sita. Akasema, "Sawa. Nakata." Akakata.

Kijana aliniuliza kama ni habari mbaya, kwa jinsi nilivyokaa chini. Nikamwambia hapana, ni meneja wa jengo fulani, alitaka kujua tulipofika.

Kitufe cha namba nane kimo humu kwenye bahasha. Sikukipata popote, nimekichonga mwenyewe kwa shaba, kwa hiyo hakilingani sana na vile saba. Atagundua, mwambie najua. Na mwambie apige tena siku yoyote, saa yoyote, bila kunitangazia. Mlio nauacha juu.

Kaka yako